Simba wa Kukodi

Nilikuwa nimejisifu mbele ya watoto wa shule ya Sabato, kule Manga, kwamba nimefuga mbwa na ninampenda kama ndugu yangu. Ukweli ni kwamba sijawahi kufuga hata kuku. Watoto wakataka waletewe huyo mbwa wamwone. Basi Alhamisi nikateremka mjini Kisii, nikamkodi mbwa aitwaye Simba kwa Baba Moraa, ambaye hukodisha mbwa wa kulinda maduka.

Sabato ilipofika nikasimama na Simba mbele ya kanisa zima, nikafundisha kwa uchungu. "Mbwa si baiskeli ya kukodishwa," nikasema. "Ana moyo, anamjua mwenyewe." Akina mama wakaitikia amina. Nilisema vizuri hata mimi nikaanza kuyaamini maneno yangu.

Ghafla Simba akaniponyoka, akakimbilia mlangoni akitikisa mkia. Baba Moraa alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema kwa upole, lakini kanisa lote likasikia, "tulipatana umrudishe Ijumaa kabla jua halijazama. Siku ya Sabato mbwa wangu hafanyi kazi."