Mlango wa Mwenyekiti

Wazungu walipoanza kuuza mashamba yao kule Molo, mzee mmoja aliyenunua shamba kubwa alinipa kazi ya kumjengea zizi la ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi alikuja na jambo jipya. Leo panua mlango, kesho ongeza stoo. Mwishowe akataka ukuta wa katikati utolewe.

"Mzee, huo ukuta ndio umebeba paa," nikamwambia.

"Zizi ni la nani? Toa!"

Nikautoa. Mvua kubwa ilipokuja, paa likaangukia ng'ombe na kuwaua. Mbele ya majirani, na baba mkwe wangu akiwapo, mzee alisema niliubomoa ukuta kwa kichwa changu mwenyewe. Wakamwamini. Molo yote hakuna aliyenipa tena hata choo nijenge.

Nikashuka Nakuru, nikaajiriwa na kontrakta mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba. Kwake hakuna kilichobadilishwa kwa mdomo. Ukitaka badiliko, unaliandika. Yeye anaeleza litaharibu nini na litachelewesha kazi kiasi gani. Wenye jengo wanakubali au wanakataa, wanatia sahihi. Niliishika kanuni hiyo kama mtu anayenoa panga.

Miaka ikapita, akanifanya msimamizi wa ujenzi wa ukumbi wa chama cha wakulima kulekule Molo. Mwenyekiti wao alikuwa mzee yuleyule. Hakunitambua. Kuta zilipofika madirishani, akaja na fimbo yake.

"Fundi, geuza mlango mkubwa utazame upande wa shamba langu."

"Andika, mzee. Kamati ikae iamue."

"Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Najua. Na mimi ndiye yule fundi wa zizi lako."

Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama upya. Nikasikia utamu hadi kwenye mifupa.

Ilibidi asimame mbele ya kamati yake kuomba. Nikaulizwa gharama ya badiliko hilo, nikaitaja polepole: ngazi zivunjwe, ukuta wa mbele ubomolewe, mvua itukute bila paa. Mama mmoja mkulima wa viazi akauliza, "Huo mlango utamfaa nani?" Watu wakacheka. Ombi likakataliwa.

Siku ya kufungua ukumbi alitoka shambani kwake, akalazimika kuzunguka jengo zima kwenye matope, kofia mkononi. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni makusudi. Sikutaka salamu yake. Nilitaka apite mbele yangu, na akapita.