Juzuu ya Kumi na Nane

Kwetu Mohoro mgeni akisifu kitu chako, unamwambia, "Chukua, ni chako." Naye, kama kalelewa, anajibu kikae hapo hapo kwa heri. Basi, yameisha. Baba yangu alikuwa akisema hivyo miaka yote, hajapoteza hata kikombe.

Miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu vya Dubai, akaja bwana mmoja wa makumbusho kutoka Dar es Salaam, anatafuta vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Baba akamtolea kasha la juzuu zetu thelathini, msahafu mzima uliogawanywa ili wasomaji waumalize kwa kikao kimoja mtu akifa. Babu ndiye aliyenakili. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyezijalidi kwa ngozi ya mbuzi angali msichana, akatia nakshi pembezoni kwa wekundu wa gome la mkoko. Gundi yake ya wanga wa muhogo aliichanganya na maji ya mwarobaini, na mende hawakuzigusa.

Mgeni akafungua ya kumi na nane, akasema hajaona nakshi nzuri kama ile. Baba, mdomo mwepesi, akamwambia achukue. Yule bwana akashukuru sana, akaifunga kwenye gazeti, akaondoka nayo.

Kuidai ingekuwa aibu, neno limeshatoka. Shangazi alipoambiwa hakupiga kelele.

"Nilizishona ili siku yangu nisomewe hizi," alisema. "Sasa mtanisomea pungufu."

Nilichukia, nasema kweli. Baba nilimnunia hata chai nikawa namtengea bila kumtazama. Mama alishauri inunuliwe juzuu ya chapa, ya jalada la plastiki, izibe pengo. Baba akainunua, lakini kashani hakuitia. Kila baada ya alfajiri alikaa nayo barazani, anasoma mstari, anafunga, anausema, anakosea, anaanza upya. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kumbukumbu zenyewe za kuokoteza! Nilifagia ua huku namsikia, nasema moyoni, shauri yako.

Shangazi alifariki wakati wa kuvuna mpunga. Siku ya khitma wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake ndani, nyuma ya pazia. Juzuu zikagawiwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani akauliza ya kumi na nane iko wapi.

"Hiyo ninayo mimi," baba akasema, mikono mitupu, akaanza.

Wenzake walimaliza zao, yeye bado. Ikabaki sauti yake peke yake. Karibu na mwisho neno likamponyoka. Akarudi nyuma, akalijia tena, likakataa. Hakuna aliyemsaidia, nadhani walimwonea haya. Nami hasira zangu ninazo bado, na machozi yananitoka. Nikasogeza mdomo kwenye pazia, nikamtajia.