Jina Tuliloyaachia Maji

Nilipokuwa mtoto kisiwani kwetu, hakuna mtu aliyeitwa kwa jina akiwa majini. Nasema kisiwa, na kwetu ni Mbeya; najua wengi wakisikia Mbeya wanafikiria milima na baridi. Sisi tulikuwa kule chini Usangu, mahali mto unapogawanyika mara mbili halafu unakutana tena. Katikati palikuwa na nyumba zetu, majaruba ya mpunga na kanisa la matofali mabichi. Kuingia na kutoka ni kwa pantoni tu: mbao zilizofungwa juu ya mapipa, inavutwa kwa kamba iliyokazwa kutoka mti wa huku mpaka mti wa kule. Mvutaji tulimwita Mzee Kamba.

Ukitaka kuvuka hukupiga kelele. Uligonga ringi ya gari iliyoning'inia mtini, ukanyamaza. Bibi, mama yake baba, alitufundisha hivyo kabla hatujajua hata kusali.

"Maji yanasikiliza," alisema. "Yakisikia jina la mtu aliye juu yake, yanalishika. Halafu yanaanza kumwita yenyewe."

Ilikuwa kifuku, majira ya mvua, mto umefura, umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama alivuka asubuhi kumpeleka mdogo wangu Eliya zahanati ya Igawa. Alikuwa mchanga bado, na homa ilimkamata mpaka akaacha kulia. Alasiri tulikuwa kivukoni tunawasubiri: bibi, mimi, na mama mdogo Neema, mdogo wake mama, aliyekuja kututembelea kutoka Uyole.

Mama mdogo alikuwa mcheshi. Ringi ile ilimchekesha sana.

"Kwa hiyo hapa mnaitana kwa kengele kama wanafunzi?"

"Ndivyo tunavyoishi, mwanangu," bibi akasema.

"Na kuku nao wana kengele yao?"

Mimi nilicheka. Bibi hakucheka.

Pantoni ikatokea. Mama amekaa katikati, kwenye gunia, Eliya mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande, kinafuata mtikisiko wa maji. Hatukujua kama amelala au ametutoka. Mama mdogo hakuweza kuvumilia.

"Dada Atupele! Mtoto anaendeleaje? Atupele weee!"

Bibi alimziba mdomo kwa kiganja, lakini alishachelewa. Kutoka kwenye matete, upande wa juu wa mto, jina lilirudi. Polepole. *Atupele weee.*

Naelewa kuna mwangwi, shuleni tulifundishwa. Lakini nchi ile ni tambarare tupu, hakuna mlima wa karibu wa kurudisha sauti, na sikuwahi kusikia mwangwi pale, kabla ya siku ile wala baadaye.

Mama akasimama. Kwenye pantoni yetu mtu hasimami, mapipa hayakubali. Akasimama akageuka, na hakutugeukia sisi. Aligeukia matete. Pantoni ikalala upande, gunia likateleza likazama, maji yakampanda mama mpaka kiunoni, na Eliya mgongoni. Niliona mdomo wake unafunguka aitike. Mzee Kamba aliachia kamba kwa mkono mmoja, akamshika mbeleko akamvuta chini.

"Kaa! Kaa chini mama, usiitike!"

Nilijikojolea pale pale kivukoni. Kisha nikasikia Eliya analia, maji baridi yamemzindua, na ndipo tukajua kwamba yu hai.

Walipofika, mama hakujali nguo zilizolowa wala gunia lililozama. Alinyoosha kidole kule kwenye matete.

"Nani aliniita kule?"

Bibi alimfuta uso kwa kanga yake, akasema, "Kuanzia leo jina hilo halitajwi hapa."

Na halikutajwa. Baba aliliacha. Majirani waliliacha, hata watoto wao. Mwinjilisti wetu, aliyekuwa akikemea mambo haya madhabahuni, Jumapili alikuwa anasoma majina ya wanakwaya. Alipofika kwa mama akatutazama, akasema, "Mama Eliya." Watu wakapumua. Mama mdogo aliomba radhi kwa machozi, na mpaka leo anamwita dada, basi.

Kisiwani siku hizi wanampigia simu mvutaji, lakini nasikia hata kwenye simu husema tu, "Mimi wa ng'ambo."

Sasa naishi Uyole, na mama nipo naye. Nafundisha watoto kanisani kwamba Mungu anatuita kwa majina yetu, na kwamba yuko nasi hata ndani ya maji. Nayaamini ninayoyafundisha. Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali, mguu unamsumbua. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nesi akatoka mlangoni, akaita, "Atupele!"

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Alibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Nesi akaita tena, kwa sauti ya juu.

Nilitakiwa kumwambia, mama, itika, hapa hakuna mto. Kwa Kinyakyusa jina lile ni la kumshukuru Mungu kwamba ametujalia, nasi tuliyaachia maji. Lakini niliuona mkono wake wa kizee ulivyonikamata, nikakumbuka kisiwa kizima kilivyofunga mdomo ili yeye abaki na sisi. Mungu anisamehe, sikuweza kuwa wa kwanza kuufungua.

Nikasimama.

"Mama Eliya yupo hapa," nikasema.