Sufuria la Tungsteni Lililonukia Nazi

Karakana yetu ya Misugusugu ilikuwa na wafanyakazi wawili tu: mimi niliyesomea kemia, mwenye hasira za karibu, na mama mmoja wa Mlandizi aliyeosha vyombo na kuchuja. Kazi yetu ilikuwa kutoa tungsteni, ile metali ngumu ya ncha za mashine za kuchoronga miamba. Unasaga jiwe jeusi, unauchemsha unga wake kwenye maji makali ya kostiki soda hadi tungsteni iyeyuke, unachuja, kisha unatia tindikali. Ukiona unga wa njano umetuama chini, umefaulu. Sisi tulikuwa hatujauona hata mara moja. Bosi akasema anakuja jioni, na asipoukuta, anafunga karakana.

Asubuhi hiyo nikatia unga na kostiki soda kwenye sufuria jipya la chuma, nikawasha moto. Povu likaanza. Likapanda, likamwagika, likanifuata hadi kwenye gambuti. Nikanusa. Nazi!

"Mama, umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu, mwanangu. Jana nimelichemshia machicha, nikalipaka tui zito, nikaliacha na mafuta yake. Chombo kipya hakianzi kazi kikavu hivihivi."

Kwao ndivyo chungu kipya kinavyokaribishwa jikoni. Ila mafuta ya nazi yakikutana na kostiki soda huwa sabuni. Nikafoka mpaka kuku wa jirani wakahama. Mama akakaa juu ya ndoo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi nimetufukuzisha kazi," akasema.

Hasira ikaniisha palepale, nikamhurumia sana.

Tukachuja polepole, kitambaa kikiziba kila mara. Maji yaliyopatikana nikayatia kwenye bakuli la kioo, nikayapasha moto, nikaongeza tindikali kidogokidogo. Sabuni ikakatika, mafuta yakaelea, mama akayaengua kwa upawa. Chini ukaanza kutuama unga wa njano kama binzari. Mama akapiga kigelegele. Mimi na utu uzima wangu nikarukaruka.

Bosi akaja, akauona, akacheka. Kisha akanusa.

"Mbona kunanukia nazi? Nani kaandaa hili sufuria?"

"Sote wawili," nikajibu, kabla mama hajafungua mdomo.

Baadaye bosi akaleta sufuria jingine, kubwa zaidi. Mama akalitazama, akanitazama. Nikatoka kwenda kununua nazi, na sabuni ya kulisugulia baadaye.