Karafuu Saba

Walimwita Mwalimu Nukta, kwani katika miaka kumi na minane ya kuwasomea watoto imla hakuwahi kumsamehe aliyesahau nukta. Asubuhi moja aliamka jino la nyuma likimpwita mpaka sikioni, na siku hiyo hiyo mkaguzi wa shule alikuwa anakuja.

"Bana karafuu moja hapo kwenye jino," alisema mama mkwe wake, akimpa kijikopo cha karafuu aende nacho. "Itatia ganzi."

"Moja tu, mama?"

"Moja, mwanangu. Hiyo ni dawa, si karanga."

Alipofika shuleni maumivu yalikuwa yamepungua kidogo. Akapiga hesabu zake: kama moja inapunguza, saba zitamaliza. Akazitafuna zote.

Kweli, jino likanyamaza. Ila ulimi nao ukanyamaza, na midomo, na shavu zima. Akijishika kidevu, anaona kama ameshika cha jirani.

Mkaguzi, mzee wa miwani, alishakaa nyuma ya darasa. "Endelea, mwalimu. Fanya kama sipo."

Mwalimu Nukta akavuta pumzi, akasoma: "Sangasi alisemsa sai sikoni."

Watoto arobaini wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, sangasi ni nani?"

"Si sangasi!" akafoka. "Sangasi!"

Basi wakaandika. Akasoma sentensi tisa nyingine za namna hiyo, jasho likimtiririka, mate yakimdondoka bila habari yake.

Mkaguzi akakusanya madaftari. Akasoma la kwanza, la pili, la kumi. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mwalimu Nukta akajua kibarua kimeota nyasi.

"Mwalimu," alisema mkaguzi, "sijawahi kuona watoto arobaini wakikosea herufi zilezile, na nukta zote zipo. Hawa wanasikiliza!" Kisha akanusa. "Hiyo ni karafuu? Umetia ngapi?"

Mwalimu akaonyesha vidole saba. Mzee wa watu alicheka mpaka akashikilia dawati.

Alasiri daktari wa meno alimwambia kwamba karafuu inatia ganzi kweli, lakini haizibi tundu, na jino lilikuwa limekwisha. Akaling'oa.

Nyumbani mama mkwe akawatangazia majirani kwamba dawa yake imeponya. Mwalimu Nukta hakubisha. Mdomo ulikuwa umejaa pamba.