Upande wa Ndani wa Kofia

Kila Jumamosi, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba hapa Ilford, hukutana wanaume wazima kulinganisha ukali wa lenzi. Sisemi kupiga picha. Nimekaa nao misimu miwili ya baridi, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa subira aliyonijaalia, maana bila hiyo ningeondoka siku ya kwanza kabla ya chai.

Wana lenzi za makro za zamani, zile za chuma za kupigia vitu vidogo kwa karibu, zilizotengenezwa enzi za filamu. Huzifunga kwa adapta kwenye kamera zao za dijitali, wakapiga noti iliyobandikwa ukutani. Kisha huikuza picha kwenye skrini mpaka noti yenyewe isitambulike, wakabishana kona ipi imefifia. Jumamosi ijayo, noti ile ile. Mmoja alinionyesha lenzi aliyoitafuta kwa miaka, akiishika kama mtoto mchanga. Nilimuuliza amepiga nini nayo. Akasema amepiga noti.

Mimi lenzi za namna hiyo nimezifanyia kazi. Nilikuwa mpiga picha wa hospitali, nikipiga meno na vidonda, na vifaa vilipobaki kazini siku ya kustaafu sikuvisikitikia. Hakuna daktari aliyeniuliza kona ya picha ina ukali gani. Waliuliza kidonda kinapona au hakiponi.

Nilijiunga nao kwa kutaka watu wa kuzungumza nao baada ya mke wangu kufariki. Yeye alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Alikuwa akimshonea kofia mjukuu wetu. Ukingo wa pembeni aliumaliza. Duara la juu hakujaaliwa kulianza. Mjukuu alipochumbia, na harusi ikawekwa Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, mdogo wa marehemu mke wangu, aliyeko Unguja, akasema duara atalishona yeye. Shida ni kwamba mshono ule dada yake aliubuni mwenyewe huku London, wala hakumfundisha mtu. Ilibidi auone. Kumkabidhi msafiri ule ukingo sikuthubutu. Mzigo wetu mmoja ulishapotea uwanja wa ndege, na kitambaa hiki hakina cha pili.

Basi nikaupeleka ukingo ukumbini waupige picha. Niliwaeleza mapema, kwa utaratibu, kwamba mshonaji husoma kazi ya mwenzake kwa upande wa ndani, ambako uzi unaonekana umetoka wapi, umepita wapi na umefungwa wapi. Nje ni pambo tu. Waliitikia wote kwa vichwa. Walifurahi kweli, nadhani walikuwa wamechoka na noti.

Kisha wakaulaza upande wa nje juu. Walisema ndani kuna ncha za nyuzi, zinatupa vivuli, na kitambaa hakilali bapa, kwa hiyo ukali haupimiki. Mmoja alitaka kuugandamiza chini ya kioo. Niliuchukua mkononi mwake, nikautandika mwenyewe kama walivyotaka, nje kwanza. Wakaanza. Kila lenzi ilipata zamu yake, tundu la lenzi la kupitisha mwanga likifunguliwa na kufungwa, kila mmoja akiisifia yake kama anayeuza mbuzi. Nilitoka nikaswali alasiri kwenye ujia, nikarudi, bado wako kwenye viua vile vile vitatu vya katikati. Mlinzi wa ukumbi alipokuja na funguo, nilimkumbusha mwenyekiti kwamba upande wa ndani bado.

"Mzee," akaniambia kwa upole, "tukikigeuza kitambaa sasa, jaribio lote linaharibika."

Nilikunja ukingo wangu nikaondoka. Picha walinitumia, pamoja na maelezo marefu ya lenzi ipi imeshinda ipi. Nilizipeleka Unguja kwa simu, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda na sikuwa na nyingine. Shemeji alijibu kwa ujumbe wa sauti.

"Shemeji, nyuzi naziona mpaka manyoya yake, ahsante. Lakini umenikatia kipande cha kofia au kijipande sawa na ukucha? Uzi unaanzia wapi? Hao rafiki zako wana macho, au wana vioo tu?"



Jumamosi iliyofuata niliazima lenzi waliyoitupa kwenye sanduku la kasoro. Ina ukungu ndani, na walikuwa wakiicheka. Mjukuu alinikopesha kamera. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao vijana wa huku, kwa nini nisitumie tu simu yake. Tulijaribu. Vivuli vya nyuzi vilimeza mafundo. Nikaufunika ukingo juu ya bakuli, ndani ukiwa nje, nikauweka dirishani asubuhi ya mawingu, nikapiga kidogo kidogo mpaka nikauzunguka wote. Picha zilikuwa laini. Noti ingeonekana vibaya sana.

Shemeji alipiga simu mwenyewe. Mwanzo nilisikia kulia tu. Kisha akasema, "Nimeliona fundo lake. Anafunga kwa kushoto, kama mama."

Duara la juu lilifika na msafiri katikati ya Ramadhani, na mwanamke mmoja wa kwetu akaliunganisha na ukingo. Mjukuu alioa akiwa na kofia hiyo kichwani. Mwenye kuitazama kwa mbali hajui mkono mmoja uliishia wapi na mwingine ukaanzia wapi. Alhamdulillahi.

Nilirudisha lenzi, nikawaonyesha picha ya harusi. Mwenyekiti aliitazama kofia kidogo, akauliza mafundo nimeyapiga na lenzi ipi. Nikamwambia ile ya ukungu. Akasema haiwezekani, akaitoa sandukuni, akaenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye noti.