Sauti Iliyoandikwa "Kasoro"

Wafuaji wa hospitali ya chuo kikuu walimwita Fundi Pindo, na mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya cherehani ya umeme katika chumba cha kushonea, chini kabisa, jirani na mashine za kufulia, akishona mashuka, mapazia ya wodi na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa mgongoni. Shuka likirudi kutoka kufuliwa, macho yake yalikwenda kwanza kwenye pindo. Wafuaji walisema hata siku ya kiama atamwomba malaika asimame kidogo, aangalie vazi lake limepindwaje. Alicheka pamoja nao. Alikuwa mcha Mungu, lakini mzaha haukumuudhi.

Aliyemuudhi kwa mzaha na kumfurahisha kwa mzaha uleule alikuwa mkewe, na mkewe walikuwa wamemzika miezi saba iliyopita.

Ugonjwa ulikuwa wa mapafu. Yalikakamaa polepole, miaka sita, hata mwisho mama wa watu akawa anapumzika mara mbili kati ya jikoni na mlangoni. Fundi aliyapokea yote hayo kama mja anavyopaswa kuyapokea. Hakubishana na Mungu. Kilichomshinda ni kitu kidogo ambacho hakukitarajia: sauti ilianza kumpotea. Sura ilikuwapo, picha zilikuwapo, hata harufu ya mafuta yake ya mgongo ilikuwa bado kwenye mto. Lakini akijaribu kumsikia akisema hata neno moja, kama "njoo ule", alisikia sauti yake mwenyewe ikiyasema maneno ya mkewe.

Alitafuta. Mkewe hakuwahi kumtumia ujumbe wa sauti, maana alikuwa akisema koo lake limekuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta na halifai kuhifadhiwa. Binti yao aliyeolewa mbali alikuwa na video moja ya harusi ya mpwa wao. Mama anapita na sinia la glasi, midomo inacheza, anamwambia mtu jambo la kuchekesha, na muziki umefunika kila kitu. Fundi aliitazama mpaka akajua ni hatua ngapi mkewe alipiga kabla ya kutoka kwenye picha. Zilikuwa tisa.

Basi siku moja nesi wa utafiti alishuka kwenye chumba cha kushonea amekumbatia mapazia mazito, akaomba yafumuliwe ili blanketi zilizomo zirudi wodini. Utafiti wao, alisema, umekwisha.

Fundi aliyajua mapazia yale kabla hayajatua mezani. Aliyashona yeye. Miaka miwili na nusu kabla, madaktari wa mapafu walikuwa wameanza kazi ya kuifundisha kompyuta kutofautisha kikohozi na kikohozi, ili siku moja mgonjwa akohoe tu kwenye simu na ijulikane mapema kama mapafu yana shida. Walihitaji chumba kisichoingia kelele. Wakabandika sponji za magodoro ukutani, wakamwomba fundi mapazia yenye blanketi mbili ndani. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu tu ya kichwa chake. Na miongoni mwa wagonjwa waliokubali kwenda kila mwezi, siku ya Jumanne, kuhesabu, kusoma aya moja na kukohoa, alikuwamo mkewe. Fundi ndiye aliyetia sahihi kama shahidi kwenye fomu, karatasi nne, ambazo mkewe alizisoma zote na yeye hakusoma hata moja.

Akamwambia nesi kwamba marehemu mkewe alikuwa mmoja wa wagonjwa wale, akamuuliza kama zile sauti bado zipo.

Nesi alikuwa mgeni, ana miezi minne tu kwenye utafiti ule, na wagonjwa aliwajua kwa namba. Akamweleza kwa upole. Zilizo nzuri zimekatwa. Maneno yote yameondolewa, kwa sababu sauti ya mtu ni kama uso wake, anaweza kutambuliwa. Vimebaki vikohozi vitupu, kila kimoja kipande cha sekunde mbili.

Fundi akashukuru, akachukua kifumulio, akaanza kufumua. Kwa vikohozi vya mkewe hakuhitaji kompyuta. Alivisikia miaka sita, na kuna wakati, Mungu amsamehe, alihamia chumba cha pili kwa sababu ya vikohozi hivyo.

Jioni alimsimulia dada yake mkubwa, ambaye alihamia kwake tangu msiba na ambaye ulimi wake haukuwa na pindo wala kishikizo.

"Watu wanakwenda kudai mirathi," dada alisema, "wewe mwanamume mzima unakwenda kudai kikohozi."

"Si kikohozi, dada. Sauti."

"Na ukipewa? Utamjibu?"

Dada akaendelea kuchambua mboga, akasema marehemu yuko kwa Mola wake, ameshapumzika na pumzi zake, na wanaobaki wamuombee badala ya kumchokonoa. Fundi alikubali kwamba ni kweli. Akasali, akamwombea mkewe kama kawaida, lakini moyo haukutulia mahali pake.

Siku ya tatu nesi alirudi, safari hii mikono mitupu. Alikuwa amekwenda kwa daktari bingwa anayeongoza utafiti, ambaye peke yake alikuwa na orodha ya majina na namba, akamweleza habari za fundi wa chini. Daktari alitafuta namba ya marehemu, na kwenye namba ile kulikuwa na sauti moja ambayo haikuwahi kukatwa. Haikukatwa kwa sababu haikufaa. Iliwekwa kando na kuandikwa "kasoro".

"Ina kasoro gani?" Fundi aliuliza.

Nesi akaitazama cherehani, kisha akamtazama yeye. "Imeandikwa hivi, Baba. Kelele za cherehani kutoka chini."

Fundi aliketi. Alikumbuka vizuri sana. Mapazia yalizuia kelele za korido, lakini mngurumo wa mashine yake ulipanda kwa sakafu. Watafiti walilalamika, na uongozi ukabandika tangazo mlangoni kwake: Jumanne, saa tatu hadi saa tano asubuhi, cherehani zisiguswe. Miaka yote miwili alitii. Saa zile alikata vitambaa au alishona kamba za magauni kwa mkono. Alivunja amri mara moja tu. Chumba cha upasuaji kiliishiwa magauni, msimamizi wake akashuka mbiombio akisema kuna mtu amelala mezani, na fundi akakanyaga mashine robo saa nzima. Baadaye alingoja kuitwa na kukaripiwa. Hakuitwa. Akadhani hawakusikia.

Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba aliyekuwa juu yake dakika zile ni mkewe.

Nesi alimpa masharti. Kwa kuwa yeye ni mume na ndiye shahidi wa fomu, daktari amekubali asikilize, mara moja, ndani ya chumba kile. Nakala haitolewi. Sauti zote za kasoro zinafutwa Ijumaa ijayo, ndivyo wagonjwa walivyoahidiwa kwenye fomu, na ahadi kwa mtu aliyekufa ni nzito kuliko kwa aliye hai kwa sababu hawezi kuja kuuliza. Aje Alhamisi saa sita, wenzake wakiwa kwenye chakula.

Dada yake aliposikia, akageuka ghafla kama shati lililovaliwa ndani nje. Yule aliyekuwa akihubiri mapumziko ya marehemu akaleta simu yake mwenyewe, mpya, akamwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Tia mfukoni mwa koti. Nani atakupapasa?"

"Nimeambiwa hakuna nakala."

"Umeambiwa na nani? Mke ni wa kwao au wa kwako?"

Fundi aliichukua simu. Ukweli ni kwamba aliichukua, na usiku aliiweka kando ya kitanda, na alfajiri alipokwenda kusali aliona haya kuinua mikono. Hakuogopa kukamatwa. Aliwaza jinsi mkewe alivyozisoma karatasi zile nne, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, akauliza maswali mawili ndipo akasaini. Yeye alikubali kufutwa. Alijua alichokubali. Asubuhi fundi aliirudisha simu juu ya meza ya dada, na ya kwake akaiacha hapohapo, asije akajidanganya njiani.

"Utajuta," dada alimwambia, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa dhihaka.

"Najua."

Chumba bila mapazia kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Kiti kimoja, meza, kompyuta, sponji za kijivu ukutani. Nesi alimvalisha visikilizio, akamwonyesha kitufe cha kuanzisha, akasimama mlangoni.

"Baba, daktari amesema mara moja. Mimi nimeelewa ni kukufungulia mlango mara moja. Utakaa muda gani ndani, hakusema. Narudi saa saba."

Akafunga mlango taratibu.

Fundi akabonyeza.

Kwanza kiti kilikwaruza sakafu. Kisha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyetoka kupanda ngazi. Kisha mkewe akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Fundi akashika ukingo wa meza. Sauti haikuwa kama alivyoikumbuka, ilikuwa nyembamba kidogo, ina mchanga ndani yake, na neno "saba" alilitamka kama mtu anayeweka kitu chini asikivunje. Pumzi ikamwishia kwenye kumi na nne. Akakohoa, akatulia, akaanza kusoma aya, ambayo ilikuwa habari ya mwalimu anayesahau miwani. Alisoma kwa bidii kama mwanafunzi. Na hapo, chini ya maneno, ukaanza mngurumo.

Sauti ya msaidizi wa wakati ule ikasema, kwa kukereka, kwamba fundi wa chini amevunja amri, ngoja wamfuate.

Mkewe akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko.

"Mwacheni," akasema. "Huyo ni wangu. Mkimkatisha mshono atanuna mpaka jioni, na jioni ninaye mimi."

Msaidizi akasema basi sauti ya leo imeharibika, itabidi mama arudi keshokutwa jioni, cherehani ikiwa imezimwa, apande tena ngazi zote zile.

"Nitarudi. Ila yeye msimwambie."

Kisha kimya, na ndani ya kimya ile cherehani ikikimbia, ikisimama penye kona ya kitambaa, ikikimbia tena. Kisha sauti ikakatika.

Fundi alikaa. Ile keshokutwa, Alhamisi, aliikumbuka sasa. Mkewe alirudi nyumbani mweupe midomo, akasema wamemwita kwa kipimo kingine, watu wa utafiti hawachoki. Naye fundi akamwambia, kwa ukali kidogo, kwamba angewaambia basi, yeye si mtoto wa kutumwatumwa. Mkewe akamkatia kipande cha papai, akamwambia ale aache maneno.

Akabonyeza tena. Akabonyeza mara kumi na moja, na ile ya mwisho alifumba macho ili asione sponji. Hakulia mle ndani. Aliogopa kilio kisimfunikie neno.

Saa saba nesi akagonga. Akamkuta amesimama, visikilizio vimekunjwa vizuri, waya umefungwa fundo la kishonaji. Alimwuliza kama yuko sawa. Fundi akamwambia Mungu amzidishie, akateremka ngazi akizihesabu kimoyomoyo. Zilikuwa thelathini na mbili, na kila moja aliiona kwa namna yake.

Nyumbani dada alikuwa akimngoja mlangoni. Hakuuliza habari za simu. Aliuliza marehemu alisema nini. Fundi akamwambia yote, kuanzia moja mpaka kumi na nne, mwalimu na miwani yake, na yale ya mwisho. Dada akacheka pale pa kununa mpaka jioni, kisha akaifunika midomo kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika. Alipotulia akamwomba aseme tena, lakini aseme kama mkewe alivyosema.

Fundi akajaribu. Maneno yalitoka yote, hakuna lililopungua. Sauti ilikuwa yake.

"Siyo hivyo," dada akasema taratibu. "Yeye alikuwa akivuta kidogo pale mwanzo."

"Alivuta. Mimi siwezi."

Binti alipopiga simu, akamsimulia pia. Binti akasema, "Baba, mimi ningerekodi." Akamjibu kwamba anajua, na kwamba asimlaumu. Binti akasema hamlaumu, na ikasikika wazi kwamba anamlaumu kidogo. Fundi akaliacha hivyo.

Ijumaa ikaja. Nesi alikuwa amemwambia kazi ya kufuta itaanza saa nane mchana. Saa nane fundi alikuwa na rundo la mashuka ya wodi ya watoto mbele yake, na aliyapinda moja baada ya jingine. Kufika saa tisa alijua kwamba mahali pote duniani sauti ile ilipokuwa, sasa haipo, isipokuwa kwake, na kwake pia tayari ilikuwa imeanza kulegea. "Saba" alikuwa nayo bado. "Huyo ni wangu" alikuwa nayo. Kicheko kilikuja na kutoweka.

Tangu siku hiyo sala yake kwa marehemu ilibadilika. Bado anamwombea rehema na mapumziko mema, kama inavyofaa. Kisha anaongeza lake, ambalo hakuna aliyemfundisha: kwamba siku watakapokutanishwa, kabla hajamwomba radhi kwa ngazi zile, kabla hajafungua kinywa kabisa, Mungu amjalie mkewe awe wa kwanza kusema.